Tushukuruje Nyumba Ikiwa na Mgonjwa?

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika hapa ili yasomwe na kujadiliwa katika mikutano ya vikundi.)



  Leo hatutazungumza juu ya mbuzi wa maziwa wala matangi ya maji. Tutazungumza juu ya jambo ambalo karibu kila kikundi kinalo lakini halimo katika ajenda: mgonjwa aliyeko nyumbani kwa mwanachama.

Kanisa Katoliki lina siku ya kuwakumbuka wagonjwa duniani kote. Ni tarehe 11 Februari, siku ya Bikira Maria wa Lurdi. Papa Yohane Paulo wa Pili aliianzisha mwaka 1992, ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993. Siku hiyo tunasali na kuimba, na wagonjwa wanapakwa mafuta matakatifu. Ni vizuri sana. Lakini tarehe 12 Februari mgonjwa bado yuko kitandani, na mama watoto bado anatafuta nauli ya kwenda kuchukua dawa. Swali letu ni la siku hiyo ya pili. Je, Mkristo anaweza kushukuru katika nyumba kama hiyo? Na kama anaweza, anashukuruje?

Salamu zetu na neno "ila"

Hebu tuangalie kwanza jinsi tunavyosalimiana. Ukiuliza, "Habari za nyumbani?" utajibiwa, "Nzuri." Hata aliye na msiba atasema, "Nzuri." Huo si uongo, ni adabu. Lakini wazee wetu waliacha mlango wazi. Baada ya "nzuri" mtu anaweza kuongeza neno dogo: "Nzuri, ila baba watoto hajainuka kitandani hii wiki ya pili." Hapo ndipo habari yenyewe inapoanza, na aliyeuliza anavuta kiti.

Siku hizi sisi Wakristo tuna jibu jingine. Tukiulizwa habari tunasema, "Tunamshukuru Mungu." Ni jibu zuri. Lakini katika kazi yetu ya kutembelea nyumba tumeona kwamba mara nyingi jibu hilo linafunga mlango. Mtu akishasema hivyo anaona haya kuongeza "ila", maana ataonekana analalamika, ataonekana hana imani. Aliyeuliza naye anasema "Amina" na kupita. Wote wawili wameongea Kikristo, na shida imebaki pale pale.

Tuchukue kikundi kimoja cha akina mama tulichopata kukijua. Wanachama walikuwa ishirini na wawili. Kila Alhamisi kila mmoja alileta shilingi mia, na mwenye zamu alizibeba zote. Asiyefika alitozwa faini ya shilingi hamsini. Hiyo ni katiba ya kawaida, nyinyi nyote mnaijua. Sasa, mume wa mwanachama mmoja, fundi wa kujenga kwa mawe, alipatwa na kiharusi. Upande mmoja wa mwili ukafa, ulimi ukawa mzito. Yule mama akawa yeye ndiye anayemwosha, anayemlisha, anayemgeuza, na yeye ndiye anayelima. Mikutano mitatu ikampita.

Alhamisi ya nne alifika, akaombwa afungue kwa sala. Alisali vizuri. Alimshukuru Mungu kwa uhai, kwa mume wake, kwa kuwaamsha wote salama. Wenzake wakaitikia Amina. Halafu mweka hazina akafungua kitabu na kusoma: faini, shilingi mia moja na hamsini. Mama akafungua fundo la leso, akalipa. Zile pesa zilikuwa za vidonge vya presha vya mgonjwa. Mzee alikaa siku tisa bila dawa.

Ndugu zangu, nani alikosa hapo? Mweka hazina alifuata katiba. Wanachama walisali. Mama alishukuru kwa moyo wake wote. Lakini shukrani ile haikuwa na "ila", na kwa sababu haikuwa nayo, hakuna aliyeuliza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ni kweli. Lakini tujiulize pia: ni nani aliyemfundisha huyu mama kuficha?

Usiku mmoja, shukrani na kilio

Wengi wetu tumefundishwa kwamba anayeshukuru halii, na anayelia hajashukuru. Hebu tusome Injili polepole tuone kama ndivyo.

Neno Ekaristi limetoka katika Kigiriki na maana yake ni shukrani. Usiku wa Alhamisi Kuu, Bwana wetu alitwaa mkate akamshukuru Baba. Alijua kwamba Yuda yuko njiani. Alijua kesho yake itakuwaje. Hata hivyo alishukuru. Lakini Injili haiishii hapo. Walipotoka mezani walikwenda bustanini Getsemane, na huko Yesu huyo huyo aliwaambia wanafunzi wake waziwazi kwamba roho yake ina huzuni kubwa mno. Aliomba kikombe kile kimwepuke. Akawaomba wakeshe pamoja naye, nao wakalala usingizi.

Mnaona? Ni usiku mmoja, ni mtu mmoja. Mezani alishukuru, bustanini alilia. Kilio hakikuifuta shukrani, na shukrani haikumzuia kusema, "Nina huzuni, msiniache peke yangu." Basi mwanamke anayemshukuru Mungu asubuhi na kulia jikoni usiku hajapoteza imani. Anapita njia aliyopita Bwana wake.

Mtume Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike wawe watu wa kushukuru katika kila hali. Wengine wanalichukua neno hilo na kumwambia mgonjwa amshukuru Mungu kwa sababu ya kansa, au kwa sababu mtoto wake ana kifafa. Hapana. Kushukuru katika ugonjwa ni jambo moja, na kushukuru kwa ajili ya ugonjwa ni jambo jingine. Yesu alipokutana na wagonjwa hakuwaambia ugonjwa ni zawadi. Aliwaponya. Tunachoshukuru ni kwamba hata ndani ya ugonjwa Mungu hajatuacha. Na mara nyingi tunalijua hilo kwa kuona ni nani aliyepiga hodi mlangoni.

Shukrani haiachi dawa

Sasa tuje kwenye hatari moja ambayo tunaikuta vijijini. Mtu anaugua kifua kikuu. Anapewa dawa, na baada ya wiki chache kikohozi kinatulia, anaanza kunenepa. Jumapili anasimama kanisani kutoa ushuhuda: "Namshukuru Mungu, nimepona." Watu wanapiga makofi. Baada ya ushuhuda huo anaona haya kuonekana akimeza vidonge, maana wataulizana, "Kwani si alisema amepona?" Anaacha dawa. Lakini matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida ni miezi sita. Ukiacha katikati, ugonjwa unarudi, na unaweza kurudi ukiwa sugu, ule usiosikia dawa za kawaida, nawe unawaambukiza walio nyumbani.

Ni vivyo hivyo kwa presha. Presha ya juu mara nyingi haina maumivu, kwa hiyo mtu anajisikia mzima na kuacha vidonge, mpaka kiharusi kinampata. Ni vivyo hivyo kwa sukari, na kwa wale wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ambao dawa zao ni za maisha yote.

Kumbukeni wale wakoma kumi katika Injili ya Luka, sura ya 17. Tunapenda kusema habari ya yule Msamaria mmoja aliyerudi kushukuru. Lakini kabla ya hapo Yesu aliwaambia wote waende kwa makuhani wajionyeshe. Kwa nini makuhani? Kwa sababu katika Sheria ya Musa, kuhani ndiye aliyemchunguza mkoma na kutangaza kama ametakasika. Kwa lugha ya leo tungesema, Yesu aliwaambia waende wakapimwe. Basi ushuhuda na kupimwa havigombani. Anayemshukuru Mungu kwa dawa anaimeza mpaka siku daktari atakapomwambia imetosha. Kumeza kidonge kwa wakati wake ni sala pia.

Shukrani hainunuliwi

Kuna hatari nyingine. Familia imeuza ng'ombe kulipa hospitali, halafu inaambiwa na mtu, "Hamjaponywa kwa sababu hamjatoa sadaka ya kutosha. Leteni kitu cha kushukuru kabla, ndipo Mungu atende."

Someni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani, jemadari wa Shamu, alitakaswa ukoma wake katika mto Yordani. Alirudi kwa Elisha na mali nyingi kumshukuru. Elisha akakataa kabisa. Ni mtumishi wake Gehazi aliyemkimbilia Naamani njiani na kudanganya ili apate fedha na mavazi, na ukoma ule ukamwangukia yeye. Kwa hiyo mtu yeyote anayewataka mlipie uponyaji, mjue amefuata nyayo za Gehazi, si za Elisha. Sadaka ya shukrani ni nzuri ikitoka kwa hiari na kwa kadiri ya uwezo. Lakini pesa ya dawa ni pesa ya dawa. Mungu hafurahii sadaka iliyotolewa kwenye kinywa cha mgonjwa.

Siku ambayo mgonjwa hawezi kushukuru

Tena, kuna siku ambazo mgonjwa hana neno la shukrani hata moja. Maumivu yamezidi, au mtoto amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, au ndugu wa mume wamekuja kuuliza habari ya shamba wakati mwenyewe bado yu hai. Siku hiyo msimlazimishe. Msimwambie, "Wengine wana shida kuliko wewe." Adhabu ya kaburi aijua maiti.

Katika Biblia iko Zaburi ya 88. Inalia kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na inaishia gizani. Kanisa halikuiondoa. Mapadre, masista na waamini wanaosali sala za vipindi huisali kila Ijumaa usiku kabla ya kulala, hata wale wenye afya njema. Maana yake ni nini? Ni kwamba Kanisa linamkopesha sauti yule asiyeweza kusali. Basi na sisi tufanye hivyo. Siku mgonjwa haoni cha kushukuru, wanajumuiya wakae naye kimya, wamshike mkono, washukuru wao kwa niaba yake. Zamu yake itafika.

Barua ya shukrani kwa kikundi

Sasa twende kwa Wafilipi. Barua ya Paulo kwao, kwa sehemu kubwa, ni barua ya kushukuru kikundi kilichochanga. Paulo alikuwa amefungwa. Wakristo wa Filipi walikusanya msaada wakamtuma mwenzao Epafrodito aupeleke na kumhudumia. Epafrodito akaugua huko, akawa karibu kufa. Tena alihangaika kwa sababu watu wa nyumbani walikuwa wamesikia kwamba yu mgonjwa. Paulo anaandika kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na kumhurumia yeye Paulo pia, asije akapata huzuni juu ya huzuni. Hakuficha hofu yake. Halafu katika sura ya 4 anawashukuru kwa kushiriki dhiki yake, na anakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia msaada zaidi ya mara moja.

Hii ndiyo shukrani tunayoitafuta leo. Inamtaja Mungu, inataja shida, na inawataja watu waliosaidia. Mara nyingi nyumbani kwetu tunamshukuru Mungu kwa sauti kubwa na kumsahau binti wa miaka kumi na minne anayemwosha nyanya yake kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Mshukuruni kwa jina lake. Halafu tafuteni jinsi ya kumpunguzia mzigo asije akaacha shule. Shukrani isiyopunguza mzigo wa anayeubeba ni maneno tu.

Kile kikundi tulichotaja kiliamka. Katibu alikwenda kumtembelea yule mama, akamkuta mzee akiwa na kidonda mgongoni na chombo cha vidonge kikiwa kitupu. Mkutano uliofuata walirudisha faini. Walisogeza zamu ya yule mama mbele ili apate pesa za dawa na nauli ya kliniki. Wanachama wawili walimsaidia palizi kila Jumanne, na vijana wao wakateka maji. Mzee hajapona. Mkono bado ni mzito na hawezi kujenga. Lakini kidonda kilifunga, anatembea na fimbo mpaka langoni, na dawa hazijakatika tena. Hilo ndilo tunalomshukuru Mungu, na hatuoni haya kusema kwamba kazi bado ipo.

Mambo ya kufanya katika vikundi vyenu

Kwanza, fungueni katiba. Andikeni kwamba anayeuguza hatozwi faini ya kukosa mkutano, mradi atume habari. Msiache jambo hili kwa huruma ya siku hiyo. Huruma husahau, maandishi hayasahau.

Pili, kila mkutano, baada ya sala, mwenyekiti aulize: "Nani ana 'ila' leo?" Kisha anyamaze, asubiri. Lakini mtu asilazimishwe kutaja jina la ugonjwa. Kinachotakiwa ni shida inayoweza kusaidiwa: maji, nauli, dawa, palizi. Siri za mgonjwa ni zake.

Tatu, mkienda kumtembelea mgonjwa msiseme, "Ukihitaji kitu utatuambia." Hatawaambia. Mgonjwa haulizwi uji. Nendeni na kitu na mfanye kazi moja: fueni, pasueni kuni, au mkae na mgonjwa ili anayemuuguza akalale saa mbili. Na msikae mno mpaka mwenye nyumba akope sukari ya kuwapikia chai.

Nne, mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na ngozi yake iwe safi na kavu, ili asipate vidonda vya kulala. Mwiteni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwapa wahudumu hao mikoba yenye vifaa, vikiwemo vya kupimia presha na sukari. Mwulizeni awaonyeshe.

Tano, hakikisheni kila nyumba imejiandikisha kwa SHA. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilichukua mahali pa NHIF, na kadi ya zamani haitoshi. Kujiandikisha ni bure. Kanuni za mwaka 2024 ziliweka mchango wa chini kuwa shilingi 300 kwa mwezi kwa nyumba isiyo na mshahara, nao hulipwa wa mwaka mzima, yaani shilingi 3,600. Kwa mjane, kutoa pesa hizo kwa mara moja ni mlima. Lakini kikundi kinaweza kumtangulizia, naye akarudisha kidogo kidogo. Fanyeni hivyo watu wakiwa wazima. Msingoje harambee ya bili.

Sita, mpeni mgonjwa nafasi ya kutoa pia. Anayelala kitandani anaweza kuwaombea wengine kwa majina, kuhesabu michango, kumsaidia mtoto kusoma. Kupokea tu kila siku kunamchosha mtu hata kuliko maumivu.

Maswali ya kujadili

1. Katika kikundi chetu, ni mwanachama gani hajaonekana kwa mikutano miwili? Nani atamtembelea wiki hii, na atakwenda na nini?

2. Katiba yetu inasemaje juu ya anayeuguza? Tubadilishe nini?

3. Kuna mtu kati yetu aliyeacha dawa baada ya kujisikia vizuri? Tunawezaje kumsaidia arudi kliniki bila kumwaibisha?

4. Nyumbani kwangu, ni nani anayebeba mzigo mkubwa ambaye sijawahi kumwambia asante?

Tunamwomba Mungu awajalie wagonjwa wetu nafuu, awape nguvu wanaowauguza, na atupe sisi masikio ya kusikia.